Presha ya kwenye filamu na presha ya mama mkubwa: televisheni inatufundisha nini kuhusu afya?

Fundi Dishi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kufunga madishi na ving'amuzi hapa Dodoma mjini na vijiji vya jirani, kuanzia Nkuhungu na Chang'ombe hadi Chamwino na Mvumi, na kwa miaka 11 sasa nimeingia katika sebule nyingi kuliko mjumbe yeyote wa nyumba kumi. Fundi wa dishi ana nafasi moja ambayo wageni wengine hawaipati: akishanasa mawimbi hulazimika kukaa dakika 20 au 30 mbele ya televisheni pamoja na wenye nyumba ili ahakikishe kwamba picha haikatiki, na katika dakika hizo watu humsahau, wakazungumza kana kwamba hayupo. Ninayoyaleta hapa nimeyaokota katika dakika hizo, ingawa lililonisukuma kuandika ni jambo la nyumbani kwetu, la mama yangu mkubwa anayeishi mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma.

Mama mkubwa ana miaka 64. Mwaka juzi alipimwa presha akakutwa na 168 kwa 102, akarudi kupimwa siku nyingine mbili, majibu yakawa hayohayo, akaanzishiwa vidonge vya kumeza kila siku. Alivimeza kwa miezi mitatu kisha akaacha bila kumwambia mtu. Niligundua siku nilipopanda kwenye kiti kutafuta pa kupitishia waya nyuma ya kabati lake, nikakuta juu yake pakiti nne ambazo hazijafunguliwa, zimeviringishwa katika kipande cha khanga pamoja na risiti za duka la dawa. Nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, mimi sasa sina presha. Tangu yule mpangaji msumbufu ahame, nani ananiudhi?"

Jibu hilo nililitafakari njia nzima nikirudi mjini. Kwa mama mkubwa, presha ni kitu kinachompanda mtu anapoletewa habari mbaya: simu inaita, sauti inasema mwanao amepata ajali, mwenye simu anashika kifua, anapepesuka, anaangukia kochi, na watu wanamzunguka wakimpepea. Presha ya namna hiyo hakuionyeshwa na mhudumu yeyote wa zahanati. Ameiona katika filamu zetu za Kibongo, nyakati nyingine mara mbili katika jioni moja. Kama presha huja na habari mbaya, basi pasipo habari mbaya hakuna presha, na pasipo presha kidonge kinamezwa kwa ajili ya nini? Mtu akikubali mwanzo wa hoja hiyo, hana pa kumkatalia mwisho wake.

Ukweli wenyewe mnaujua, au angalau wengi wenu mnaujua. Shinikizo la juu la damu kwa watu wengi halina dalili yoyote. Mtu hulima, huuza nyanya zake pale Majengo, hucheka na wajukuu, huku mishipa, moyo, figo na macho vikiumia taratibu, na wengine hushtuliwa na kiharusi kikiwa ndiyo dalili ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya asilimia 40 ya watu wazima wenye tatizo hilo duniani hawajui kwamba wanalo. Filamu, kwa upande wake, haiwezi kuonyesha ugonjwa usio na dalili, kwa sababu kamera inahitaji mtu aanguke.

Sasa niseme nilichokiona katika sebule za watu. Kipindi cha afya kinapoanza, yule daktari mwenye koti jeupe aketiye mbele ya maua ya plastiki akisema "ndugu mtazamaji, ni muhimu kuzingatia", mama mwenye nyumba huinuka kwenda kuangalia maharage jikoni, mzee huchukua simu yake, na mtoto huanza kutafuta rimoti. Hawamchukii daktari yule wala hawabishani naye. Wanamwacha tu aendelee kusema. Lakini ikianza tamthilia, iwe yetu au ya Kituruki au ya Kifilipino iliyoingizwa sauti za Kiswahili, sebule nzima hunyamaza, na mhusika akilazwa hospitali kila mtu anatazama amelazwaje, amepewa nini, na nani amemwambia nini. Somo la afya linaingia hapo. Aliyeitunga tamthilia alikuwa akitafuta machozi tu, na wala hakuwa na habari kwamba anafundisha.

Nitatoa mfano mmoja zaidi, kwa sababu huu ulikaribia kuvunja nyumba. Mteja wangu mmoja, dereva wa bodaboda, aliniita nimhamishie dishi kwa kuwa alikuwa anahama. Nilidhani amepata chumba kizuri zaidi, kumbe alikuwa anamkimbia mkewe. Katika tamthilia moja walionyesha baba anayegundua kwamba mtoto si wake kwa sababu makundi ya damu hayalingani, naye akakumbuka kwamba yeye ni kundi A, mkewe kadi ya kliniki inasema kundi B, na mtoto wao alipolazwa aliandikiwa kundi O. Alinieleza hayo akiwa ameshika spana yangu, akiizungushazungusha mkononi, huku macho yake yakiwa kwenye ukuta. Sikuwa na elimu ya kumjibu. Nilimwomba asubiri wiki moja kabla ya kuhamisha dishi, nikamdanganya kwamba waya umekwisha.

Swali langu kwenu ni hili: je, yapo mliyojifunza ninyi kuhusu afya kutoka kwenye televisheni, yakawafaa au yakawaponza? Na kama kuna muuguzi au daktari humu, naomba anijibu kwanza kuhusu huyo dereva, kwa sababu wiki yenyewe inakaribia kuisha.

Muuguzi wa Zamu

Mkuu, mwambie dereva wako arudi nyumbani leo, asingoje kesho. Baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kabisa kuzaa mtoto wa kundi O. Kila mtu hubeba nakala mbili za kundi la damu, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mtu anayesomeka A anaweza kuwa amebeba A na O, kwa kuwa O hujificha nyuma ya A. Vivyo hivyo kwa B. Wazazi wote wawili wakimpa mtoto ile O iliyojificha, mtoto atasomeka O bila mtu yeyote kuwa amefanya kosa. Wazazi wa A na B wa namna hiyo wanaweza kupata watoto wa makundi yote manne katika nyumba moja. Ipo miunganiko inayokataa, kwa mfano wazazi wawili wa kundi O hawatarajiwi kuzaa mtoto wa A au B, lakini huo wa mteja wako si mmojawapo. Anayetaka uhakika wa uzazi hupimwa vinasaba (DNA) kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia kwa wakili, afisa ustawi wa jamii au mahakama. Kadi ya kliniki haikuandikwa kwa kazi hiyo.

Sasa nami niongeze langu, kwa kuwa mada hii inanigusa kila zamu. Kwenye filamu mgonjwa ni lazima awe na dripu. Akiwa amepigwa risasi ana dripu, akiwa ameachwa na mchumba ana dripu. Matokeo yake, ndugu wanamleta mgonjwa mwenye malaria isiyo kali, anayekula na kunywa vizuri, tunampa dawa za kumeza, na shemeji yake anatuuliza kwa ukali mbona hatujamtundikia chupa. Dripu nyingi ni maji yenye chumvi au sukari. Mtu anayeweza kunywa, tumbo lake ni njia nzuri kuliko mshipa, na kila sindano ya mshipani ni mlango ambao vijidudu vinaweza kupitia. Nikieleza hivyo, wengine huondoka wakaenda kwenye duka ambalo litawatundikia, na wanalipa.

Lakini linaloniumiza zaidi ni uzazi. Katika filamu mama anapika, ghafla chupa inapasuka sakafuni, anapiga kelele, anapakiwa garini, na baada ya tangazo la sabuni mtoto amekwisha kuzaliwa, tena mkubwa na msafi kama wa miezi mitatu. Nimepokea wasichana wa mimba ya kwanza ambao walikaa nyumbani na uchungu tangu jana yake kwa sababu walikuwa wanangoja chupa ipasuke ndipo waamini kwamba ni uchungu wa kweli. Mimba ya kwanza uchungu unaweza kuchukua saa 12 na zaidi, na chupa inaweza kupasuka mwanzo, katikati au mwishoni kabisa. Uchungu ukianza kuja kwa mpangilio, ukikazana na kukaribiana, safari ya kituoni inaanza, na ukitoka kijiji cha mbali inapaswa kuanza mapema zaidi.

Mpita Njia

Mleta uzi, nimesoma kwa makini, na nakubali kwamba mama mkubwa ana dhana potofu, ila sikubali kwamba mwalimu wake ni televisheni. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni hadi mwaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, na bibi yangu kule Mpwapwa, ambaye alifariki bila kumiliki hata betri ya redio, alikuwa akisema "usinipandishe presha" kila wajukuu walipomwaga maji. Filamu zimeiokota presha hiyo mitaani na kuturudishia wenyewe. Kioo hakilaumiwi kwa sura.

Isitoshe, kumbukeni mwaka 2011 na kikombe cha Samunge kule Loliondo. Maelfu kwa maelfu ya watu walifunga safari kwenda kunywa dawa ya mitishamba ya shilingi 500, waliyoambiwa inaponya magonjwa sugu, na foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi. Ni kweli televisheni ilionyesha, lakini mimi nilikuwa Dodoma na ninajua watu walivyoamua kwenda: waliamua kwa sababu jirani alikwenda, shangazi akapiga simu, na kondakta wa basi akasimulia. Televisheni ilikuja nyuma yao na kamera.

Mwalimu wa Chaki

Ndugu Mpita Njia amegusa swali ambalo lina jibu, na jambo la kufurahisha ni kwamba jibu lenyewe lilipatikana hapahapa Dodoma, ingawa kwa redio na si kwa televisheni. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati, uliobeba masuala ya uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Waliokuwa na umri wa kusikiliza redio wakati huo watamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na wanawake njiani kote, na yaliyompata. Sehemu nyingine za nchi zilisikia mchezo huo, lakini mtambo wa Dodoma ukaachwa makusudi bila kuurusha hadi mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha. Kwa miaka miwili sisi wa Dodoma tulikuwa kundi la kulinganishia, na wengi wetu hatukujua.

Matokeo yake yalichapishwa na watafiti, miongoni mwao Everett Rogers wa Marekani. Sehemu zilizosikia mchezo, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma, na watu wengi zaidi walieleza kwamba wamepunguza wapenzi au wameanza kutumia kondomu. Dodoma nayo ilipoanza kurushiwa mchezo, mwelekeo ukaanza kufanana. Kwa hiyo hoja kwamba hadithi ya hewani ni kioo tu na haibadilishi kitu, ndugu yangu, inakutana na ushahidi wa mkoa wako mwenyewe.

Hata hivyo ninakubaliana nawe nusu, tena nusu ya maana. Watafiti haohao waliona kwamba mchezo ulifanya kazi kwa kiasi kikubwa kupitia maongezi: mke alimsikia Mkwaju, akamwambia mume "umesikia?", na mazungumzo ambayo yasingeanza yakaanza. Jirani, shangazi na kondakta wako wamo ndani ya jibu. Na hili nchi yetu ililijua mapema zaidi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, redio haikuachwa iseme peke yake. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefundishwa na kitabu mkononi, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kuzunguka nyumba. Sebule ya leo ina picha ya rangi na sauti safi, ila kiongozi wa kikundi hayupo. Aliyekaribia kuishika nafasi hiyo, nikisoma uzi huu, ni fundi wa dishi aliyesema uongo kuhusu waya.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Nne

Ninasoma udaktari hapa Dodoma, na ningependa kuongeza kwamba tatizo hili si la filamu zetu peke yake. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliochunguza vipindi vitatu vya televisheni ya Marekani, kikiwemo ER, tamthilia ya hospitali, na kuhesabu matukio 60 ya watu waliosimama moyo wakabonyezwa kifua. Kwenye televisheni asilimia 75 walizinduka, na asilimia 67 walionekana kupona hadi kuruhusiwa. Katika maisha halisi wanaopona ni wachache mno kuliko hapo. Daktari anapotoka chumbani kuwaambia ndugu kwamba ameshindwa, ndugu ambao wameona watu wakizinduka kila wiki huona kwamba mgonjwa wao amefanyiwa uzembe.

Pia naomba nitumie nafasi hii kusema kuhusu kifafa, kwa sababu nimeshuhudia stendi kijana akiwekewa kijiko mdomoni na watu wenye nia njema kabisa, na jino likavunjika. Usiweke chochote mdomoni. Mwondolee vitu vya kumuumiza, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, angalia saa, na mshtuko ukipita dakika tano bila kukoma tafuta msaada wa hospitali haraka.

Binti wa Isanga

Mnazungumzia presha na dripu, nami nina dada ambaye amewahi kutibiwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Nimekua nikiona vichekesho ambavyo chizi ni mtu aliyejipaka matope, amevaa makopo, anakimbiza watu, na watazamaji wanacheka. Dada yangu ni fundi cherehani. Anaugua, anatibiwa, anapata nafuu, anashona sare za shule. Alipoanza kuugua mwaka wa kwanza, tulichelewa miezi minane kumpeleka kwa sababu hakuwa anafanana na wale wa kwenye vichekesho: alikuwa halali, anasikia sauti, anajifungia chumbani, ila alikuwa msafi na anaoga kila siku. Mama alikuwa anasema, "Mwanangu si chizi, chizi namjua." Ninaishia hapo.

Mkulima wa Kondoa

Poleni sana dada, na Mungu amzidishie nafuu.

Mimi langu ni fupi. Mwaka 2016 huku kwetu Kondoa na jirani zetu wa Chemba watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi: macho yanakuwa ya njano, tumbo linajaa, miguu inavimba, na wapo waliodhani wamerogwa. Tulikuja kuelezwa kwamba sumu hiyo haiishi kwa kupika ugali, na kwamba dawa yake ni kukausha mahindi vizuri juu ya turubai badala ya ardhini na kuyahifadhi mahali pakavu. Nimeangalia tamthilia nyingi tangu hapo. Nimeona watu wakitiliana sumu kwenye juisi ili warithi majumba, mara nyingi sana, lakini sijaona hata familia moja iliyodhuriwa na mahindi ya ghalani mwake. Watunzi wakitaka kisa cha sumu chenye machozi, waje Chemba.

Fundi Dishi (mleta uzi)

Nimesoma michango yote, nyingine mara mbili, na ninawashukuru. Ndugu Mpita Njia, nakubali kwamba mama mkubwa hakuanza kuisikia presha ya hasira kwenye televisheni. Pengine niliandika kwa uchungu. Nitabaki na msimamo kwamba ameithibitisha huko, kwa sababu nilipombana alinitajia waigizaji kwa majina, hakunitajia jirani.

Dereva nilimsomea maelezo ya Muuguzi wa Zamu, tukakaa kwenye tofali nje ya geti lake nikamchorea A na B na O kwenye boksi la king'amuzi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama ninaweza kumwachia lile boksi. Dishi bado liko palepale lilipokuwa, na sijalipwa ile pesa ya kuhamisha, wala sitaidai.

Kuhusu mama mkubwa, nilijaribu kwanza kumweleza yote haya ya mishipa na figo, akanisikiliza kwa adabu kama anavyomsikiliza yule daktari wa maua ya plastiki. Kilichosaidia ni kwamba binti yake alinunua kipimo cha mkononi, tukampima akiwa ametulia, amekula, ameketi dakika tano, hakuna aliyemuudhi, tena akiwa anacheka jambo lililokuwa kwenye televisheni. Namba ya juu ikasoma 171. Akataka ipimwe tena. Ikasoma 169. Aliitazama ile namba, akatazama televisheni, akasema, "Kumbe na hii inapanda kimyakimya." Kesho yake alirudishwa kliniki, akaanzishiwa upya.

Tumekubaliana ameze kidonge kila siku saa mbili usiku, taarifa ya habari inapoanza, kwa kuwa ule mlio wa mwanzo hausahau. Mwezi huu amekosa siku mbili, zote umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo mjukuu amemtegea na kengele kwenye simu. Dada Muuguzi, swali langu la mwisho ni hilo: akikosa usiku akakumbuka asubuhi, ameze palepale, au asubiri hadi usiku?

Muuguzi wa Zamu

Kwa vidonge vingi vya presha vya mara moja kwa siku, akikumbuka asubuhi ameze, kisha usiku aendelee na ratiba yake. Akikumbuka jioni, muda wa kidonge kinachofuata ukiwa umekaribia, aache kile cha jana ameze cha leo tu. Asimeze viwili kwa pamoja. Kwa kuwa sijui amepewa dawa gani, siku ya kliniki aende na pakiti zenyewe awaulize, na zile nne za kwenye khanga azibebe pia, waangalie tarehe ya mwisho wa matumizi.